Kufanyia kazi nyumbani

Kufanyia kazi nyumbani ni utaratibu ambao mfanyakazi aliyeajiriwa hutimiza majukumu yake akiwa nyumbani kwake, siku zote za kazi au baadhi yake, badala ya kwenda kila siku kwenye ofisi ya mwajiri. Mfanyakazi huunganishwa na wenzake kwa simu, kompyuta na intaneti. Utaratibu huo huitwa pia kufanya kazi kwa mbali. Pale ambapo wiki hugawanywa kati ya nyumbani na ofisini, huitwa mfumo mseto.

Mara nyingi utaratibu huu huelezwa kama hisani ambayo mwajiri humfanyia mfanyakazi. Hata hivyo, tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba mwajiri mwenyewe anaweza kufaidika: gharama za ofisi hupungua, wafanyakazi wachache zaidi huacha kazi, na katika baadhi ya kazi kiasi cha kazi inayofanyika huongezeka. Tafiti nyingine zimeonyesha kinyume chake. Tofauti hutokana na aina ya kazi, mazingira ya nyumba, uzoefu wa mfanyakazi na namna usimamizi unavyofanyika.

Maana na mipaka

Katika Kiswahili ni vema kutofautisha maneno yanayofanana. "Kazi za nyumbani" kwa kawaida ni kupika, kufua, kufagia na kulea watoto, na "kazi ya nyumbani" kwa mwanafunzi ni zoezi analopewa na mwalimu akalifanyie kwao. Kufanyia kazi nyumbani ni jambo lingine: ni kazi ya mshahara, yenye mkataba na msimamizi, isipokuwa mahali pake ni nyumba ya mfanyakazi.

Utaratibu huu hutofautiana pia na kazi za mikono zinazolipwa kwa kipande, kama vile kushona nguo au kusuka vikapu nyumbani kwa ajili ya mfanyabiashara. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 177 mwaka 1996 kwa ajili ya kuwalinda watu wanaofanyia kazi za malipo nyumbani. Mkataba huo haumhesabu katika kundi hilo mwajiriwa anayefanyia kazi nyumbani mara mojamoja tu, huku mahali pake pa kawaida pakiwa ofisini.

Si kila kazi inaweza kuhamishiwa nyumbani. Muuguzi, dereva, fundi mwashi, mpishi wa hoteli na askari hawawezi kuacha kituo chao. Kazi zinazohamishika ni zile ambazo malighafi yake ni taarifa: uhasibu, tafsiri, uandishi wa programu za kompyuta, uchoraji wa ramani za majengo, uhariri, bima, na kuhudumia wateja kwa simu. Hata ndani ya kazi hizo ziko sehemu zinazohitaji watu kukutana ana kwa ana, kwa mfano kumfundisha mfanyakazi mpya au kusuluhisha ugomvi.

Historia

Kabla ya kuwepo viwanda, watu wengi duniani walifanyia kazi nyumbani au jirani na nyumbani. Mfumaji alikuwa na kitanda chake cha mfumi chumbani, na mshonaji kofia alishonea barazani. Mapinduzi ya viwanda yaliyoanzia Uingereza katika karne ya 18 yaliwakusanya wafanyakazi mahali penye mashine. Ofisi nazo zilikua kwa sababu ya namna hiyo: majalada, mashine za kuchapa na simu zilikuwa mahali pamoja, hivyo karani alilazimika kuzifuata.

Mwaka 1962 Stephanie Shirley alianzisha nchini Uingereza kampuni ya kuandika programu za kompyuta kwa mtaji wa pauni 6. Alikuwa amefika nchini humo mwaka 1939 kama mtoto mkimbizi Myahudi. Kampuni yake, iliyoitwa Freelance Programmers, iliwalenga wanawake wenye ujuzi ambao waliacha kazi baada ya kuolewa au kuzaa. Waliandika programu kwa kalamu na karatasi wakiwa nyumbani, na kitu cha lazima kilikuwa simu. Kwa kuwa barua zake za kuomba kazi kwa makampuni hazikujibiwa, Shirley alianza kutia saini kwa jina la "Steve", na majibu yakaanza kuja. Kati ya wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu. Miongoni mwa kazi zao ilikuwamo programu ya kuchambua kumbukumbu za safari za ndege ya Concorde. Kampuni hiyo ilionyesha mapema faida mojawapo kubwa kwa mwajiri: kupata wataalamu ambao waajiri wengine wamewatupa.

Mwaka 1973 Jack Nilles, mhandisi aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, aliongoza utafiti juu ya kubadilisha safari za kwenda kazini kwa mawasiliano ya simu. Mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda sana duniani, na swali la kupunguza safari likawa la taifa zima. Nilles ndiye aliyebuni istilahi ya Kiingereza iliyotumika kwa miaka mingi kutaja utaratibu huu, na matokeo ya utafiti yalitolewa katika kitabu mwaka 1976. Katika mpango wake wafanyakazi hawakufanyia kazi nyumbani kabisa, bali katika ofisi ndogo zilizokuwa karibu na makazi yao, kwa sababu kompyuta za wakati ule zilikuwa ghali mno kuwekwa katika kila nyumba.

Kampuni ya IBM iliweka vifaa vya kompyuta katika nyumba za wafanyakazi wake watano mwaka 1979 kama jaribio. Kuenea kwa kompyuta ndogo katika miaka ya 1980 na intaneti katika miaka ya 1990 kuliondoa kikwazo cha vifaa. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria iliyozitaka idara za serikali kuu kuwa na sera ya kufanya kazi kwa mbali.

Maendeleo hayo hayakwenda upande mmoja tu. Mwaka 2013 kampuni ya Yahoo iliwaamuru wafanyakazi wake waliokuwa nyumbani warudi ofisini, ikieleza kwamba mawazo mapya huzaliwa watu wanapokutana. Mwaka 2017 IBM yenyewe iliwarudisha ofisini baadhi ya wafanyakazi wake.

Janga la UVIKO-19 mwaka 2020 liliwalazimisha mamilioni ya watu kufanyia kazi nyumbani kwa ghafla, bila maandalizi. Baada ya janga kupungua, makampuni mengi hayakurudi yalikotoka wala hayakubaki nyumbani moja kwa moja, bali yalichagua mfumo mseto.

Jaribio la Ctrip

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu faida kwa mwajiri ulifanyika katika kampuni ya Ctrip ya Shanghai, China, inayouza tiketi za ndege na kuweka nafasi za hoteli. Kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 16,000. Kodi ya ofisi mjini Shanghai ilikuwa ikipanda, na wahudumu wa simu walikuwa wakiacha kazi kwa wingi kila mwaka. Uongozi ulitaka kujua kama kuwaruhusu wahudumu kukaa nyumbani kungepunguza gharama, lakini uliogopa kwamba bila msimamizi kando yao wangezembea.

Badala ya kubishana, kampuni iliamua kupima. Utafiti ulisimamiwa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wenzake, akiwamo James Liang, mmoja wa waanzilishi wa Ctrip. Wafanyakazi 996 wa idara za ndege na hoteli waliulizwa kama wangependa kushiriki, na 503 walikubali. Kati yao 249 walitimiza masharti: kuwa kazini kwa angalau miezi 6, kuwa na intaneti ya kasi nyumbani, na kuwa na chumba cha kufanyia kazi bila kuingiliwa.

Kura ilipigwa kwa tarehe za kuzaliwa. Waliozaliwa tarehe za shufwa walifanyia kazi nyumbani siku 4 kwa wiki na kwenda ofisini siku ya tano, na waliozaliwa tarehe za witiri waliendelea kubaki ofisini siku zote. Makundi yote mawili yalitumia kompyuta za aina moja, yalipokea simu kutoka mtambo mmoja, na yalilipwa kwa kanuni zilezile. Jaribio lilidumu miezi 9, kuanzia Desemba 2010 hadi Agosti 2011. Kura ya namna hii ina umuhimu mkubwa: kama watu wangejichagulia wenyewe, isingejulikana iwapo matokeo yametokana na nyumba au na tabia ya watu waliochagua nyumba.

Matokeo yalikuwa haya:

- Kazi iliyofanywa na waliokuwa nyumbani iliongezeka kwa asilimia 13. Sehemu kubwa, karibu asilimia 9, ilitokana na kukaa kwenye simu dakika nyingi zaidi katika kila zamu, kwa kuwa mapumziko, kuchelewa na siku za ugonjwa vilipungua. Asilimia 4 iliyobaki ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa dakika, jambo ambalo wafanyakazi walilihusisha na utulivu wa nyumbani.
- Ubora wa huduma haukushuka.
- Idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa nusu, ikilinganishwa na kundi la ofisini.
- Wafanyakazi wa nyumbani walieleza kuridhika zaidi na kazi yao.
- Kampuni ilikadiria kuokoa takriban dola 2,000 za Marekani kwa mwaka kwa kila mfanyakazi aliyekuwa nyumbani. Fedha hizo zilitokana na kupungua kwa mahitaji ya ofisi, kuongezeka kwa kazi, na kupungua kwa gharama za kuajiri na kufundisha watu wapya.

Matokeo mawili yalikuwa ya tahadhari. La kwanza ni kwamba wafanyakazi wa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra kuliko wenzao wa ofisini waliokuwa na utendaji sawa na wao. Inaelekea asiyeonekana alisahaulika. La pili lilidhihirika baada ya jaribio, kampuni ilipowapa wafanyakazi wote uhuru wa kuchagua. Zaidi ya nusu walibadili uamuzi wao wa awali, na wengi waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini, hasa kwa sababu ya upweke. Lakini uhuru huo ulizidisha faida kwa mwajiri: waliofaa kukaa nyumbani walibaki huko, wasiofaa walirudi, na ongezeko la kazi kwa waliobaki nyumbani likafikia karibu asilimia 22. Utafiti ulichapishwa mwaka 2015.

Kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Trip.com, ilifanya jaribio la pili mwaka 2021 na 2022 kwa wafanyakazi 1,612 wa uhandisi, masoko na fedha. Safari hii nusu yao waliruhusiwa kukaa nyumbani siku mbili tu, Jumatano na Ijumaa. Utendaji na upandaji vyeo haukutofautiana kati ya makundi mawili, lakini walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Upungufu huo ulikuwa mkubwa hasa kwa wanawake, kwa wasio mameneja, na kwa wanaokaa mbali na ofisi. Kabla ya jaribio mameneja kwa wastani walidhani kazi ingeshuka. Baada ya jaribio walidhani imepanda kidogo. Matokeo yalitolewa mwaka 2024 katika jarida la Nature.

Faida kwa mwajiri

Kupungua kwa wanaoacha kazi. Mfanyakazi akiondoka, mwajiri hutangaza nafasi, husaili, hufundisha, na husubiri miezi kadhaa kabla ya mpya kufikia kasi ya aliyetangulia. Gharama hiyo haionekani katika hesabu kama kodi au umeme, ndiyo maana hupuuzwa kwa urahisi. Katika majaribio yote mawili ya China hii ndiyo faida iliyojitokeza bila utata.

Gharama za ofisi. Mwajiri hulipia meza, viti, umeme, maji, ulinzi na kodi kwa kila nafasi ya kukaa. Watu 60 wakifika kwa zamu, watu 40 kila siku, meza 40 zinatosha. Akiba hii hupatikana pale tu ambapo mwajiri anapunguza nafasi kweli. Akiendelea kulipia jengo lilelile huku viti vikiwa vitupu, hapati kitu.

Kuajiri kutoka eneo pana. Asiyelazimika kufika ofisini kila siku anaweza kuishi mkoa mwingine. Mwajiri hupata wataalamu wasioweza kuhama, wazazi wenye watoto wadogo, wanaowauguza wazee, na watu wenye ulemavu ambao usafiri wa kila siku ni mzigo kwao. Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani iliwaruhusu wakaguzi wake wa hataza kuishi popote nchini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kazi yao iliongezeka kwa asilimia 4.4 ikilinganishwa na wakati walipokuwa wakifanyia kazi nyumbani lakini wakilazimika kuishi karibu na ofisi.

Muda na nguvu za mfanyakazi. Mtu anayetumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, siku 5 kwa wiki, hupoteza saa 15 njiani. Hiyo ni theluthi ya wiki ya kazi ya saa 45. Sehemu ya muda huo ikiokolewa, mwingine huenda kwenye usingizi na familia, na mwingine huenda kwenye kazi yenyewe.

Shughuli kuendelea wakati wa dharura. Mafuriko, mgomo wa usafiri, ugonjwa wa mlipuko au ukarabati wa jengo husimamisha ofisi yenye mlango mmoja. Taasisi iliyokwisha zoea kufanya kazi kwa mbali huendelea.

Mipaka na hasara

Faida zilizotajwa hazijitokezi zenyewe. Katika jiji la Chennai, India, watafiti waliwagawa kwa kura wafanyakazi wapya wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, wengine nyumbani na wengine ofisini. Waliokuwa nyumbani walifanya kazi pungufu kwa asilimia 18. Sehemu kubwa ya pengo ilionekana tangu siku ya kwanza, na iliyobaki ilitokana na kujifunza polepole zaidi. Pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wamependelea kukaa nyumbani. Huko, wengi wa waliotamani nyumba ndio waliokuwa na majukumu mazito ya familia.

Kulinganisha Shanghai na Chennai kunasaidia kuelewa jambo lenyewe. Wahudumu wa Ctrip walikuwa na uzoefu wa miezi 6 au zaidi, walikuwa na chumba chao, na waliendelea kwenda ofisini mara moja kwa wiki. Wa Chennai walikuwa wageni wa kazi. Kwa hiyo swali la mwajiri si kama nyumba ni bora kuliko ofisi, bali ni nani, kwa kazi gani, na katika nyumba ya namna gani.

Hasara nyingine zinazotajwa ni hizi:

- Mfanyakazi mchanga hukosa kujifunza kwa kuona na kusikia. Mengi ya kazi hayamo katika kitabu cha mwongozo, bali hupatikana kwa kuuliza meza ya jirani.
- Upweke, na kudhoofika kwa mazoea kati ya wafanyakazi.
- Kuchanganyika kwa saa za kazi na saa za mapumziko, hadi mfanyakazi anachoka bila msimamizi kujua.
- Hatari kwa taarifa za siri, hasa kompyuta ikitumiwa na watu wengi nyumbani.
- Malalamiko ya wasioweza kukaa nyumbani kwa asili ya kazi zao, kama walinzi, wahudumu na wapokea wageni.

Masharti ya mafanikio

Kutokana na tafiti na uzoefu wa makampuni, mambo kadhaa hutenganisha utaratibu unaomfaidisha mwajiri na ule unaomtia hasara.

La kwanza ni kupima kazi kwa matokeo. Msimamizi aliyezoea kuhesabu waliopo saa mbili asubuhi hana la kuhesabu watu wakiwa makwao. Anapaswa kueleza mapema kazi gani inatakiwa, kwa kiwango gani na lini. Ctrip ilifanikiwa kwa urahisi kwa kuwa simu zilizopokelewa na oda zilizokamilishwa zilihesabika. Katika kazi zisizohesabika, kama kubuni au kushauri, upimaji ni mgumu zaidi na huhitaji mazungumzo ya mara kwa mara.

La pili ni hiari pamoja na uwezekano wa kurudi. Watu wengi hawajui kama nyumba inawafaa mpaka wajaribu.

La tatu ni siku za pamoja. Mfumo mseto hupoteza maana kila mtu akichagua siku yake, kwa sababu anayefika ofisini hukuta viti vitupu na kuishia kuzungumza na wenzake kwa video. Ndiyo maana Trip.com ilipanga siku za aina moja kwa wote.

La nne ni vifaa. Makubaliano ya maandishi huonyesha nani analipia intaneti, umeme, kiti na matengenezo ya kompyuta. Mwajiri anayehamisha gharama zote kwa mfanyakazi huonekana kuokoa fedha, lakini hulipia baadaye kwa kazi mbovu na watu kuondoka.

La tano ni usawa katika kupandisha vyeo, ili walio mbali na macho wasipitwe.

Kufuatilia wafanyakazi kwa programu zinazopiga picha za skrini au kuhesabu mabonyezo ya kibodi kumezua mjadala. Programu hizo huonyesha kwamba mtu anabonyeza, lakini hazionyeshi kwamba anafanya kazi yenye maana, na zinaweza kukiuka haki ya faragha.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki kufanya kazi kwa mbali kulitegemea kwanza kufika kwa nyaya za intaneti za chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilianza kutoa huduma mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti na nje ya eneo yalipitia zaidi kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo.

Mwaka 2020 nchi za eneo hili zilichukua njia tofauti. Nchini Kenya, tarehe 15 Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa, Rais Uhuru Kenyatta alizihimiza ofisi za serikali na biashara kuwaruhusu wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma muhimu. Rwanda ilifunga shughuli nyingi kuanzia tarehe 21 Machi, na Uganda ilisimamisha usafiri wa umma mwezi huohuo. Tanzania ilifunga shule na vyuo kwa muda, lakini haikuwafungia watu majumbani, na ofisi nyingi ziliendelea na shughuli.

Sababu ya kiuchumi ya utaratibu huu ni kubwa katika miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambako foleni za asubuhi na jioni ni sehemu ya maisha. Mfanyakazi anayetoka Mbagala, Chanika au Kibaha kwenda katikati ya Dar es Salaam huamka alfajiri, hubadili daladala au basi la mwendokasi, na hufika akiwa amechoka kabla ya kuanza kazi. Nauli ya kila siku hupunguza thamani ya mshahara wake. Mwajiri anayempunguzia safari mbili au tatu kwa wiki humpa nafuu inayofanana na nyongeza ya mshahara, bila kutoa fedha mfukoni.

Vikwazo navyo ni vya kweli. Umeme hukatika: Tanzania ilikuwa na mgawo wa umeme mwaka 2023, na Kenya ilipatwa na giza la karibu nchi nzima Agosti 2023. Gharama ya bando ni kubwa kwa mtu anayefanya mikutano ya video kila siku. Familia nyingi hupanga chumba kimoja au viwili, na meza ya kulia chakula ndiyo ya watoto kufanyia mazoezi ya shule. Kuna pia mtazamo wa jamii: mtu aliyeko nyumbani mchana huhesabiwa kuwa hana kazi, hivyo hutumwa dukani, huitwa kwenye vikao, au hupokea wageni. Wanawake hulemewa zaidi, kwa kuwa kazi za nyumba huwangoja hapohapo walipo. Kwa sababu hiyo baadhi ya waajiri na wafanyakazi huona njia ya kati inafaa zaidi: kukodi nafasi katika ofisi za pamoja zilizo karibu na makazi, zenye jenereta na intaneti. Njia hiyo inafanana na mpango wa Nilles wa mwaka 1973.

Sheria

Sheria nyingi za kazi ziliandikwa zikimfikiria mfanyakazi aliyeko katika jengo la mwajiri. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutojibu ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Ureno ilipitisha sheria mwaka 2021 inayomtaka mwajiri kutomsumbua mfanyakazi wakati wa mapumziko na kuchangia gharama za ziada za kufanyia kazi nyumbani. Nchini Kenya muswada wenye lengo kama hilo kuhusu saa za mapumziko uliwasilishwa katika Seneti mwaka 2022.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Mahali pa kazi pakiwa nyumbani, kuhesabu saa hizo huwa kugumu, hivyo ni busara mkataba utaje saa ambazo mfanyakazi anapaswa kupatikana. Taarifa za wateja zinazoshughulikiwa nyumbani hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Suala la ajali linalotokea nyumbani wakati wa saa za kazi linahitaji kuelezwa wazi katika makubaliano, ili mwajiri na mfanyakazi wote wajue wajibu wao kabla jambo halijatokea.

Tazama pia

- Ajira
- Intaneti
- Kompyuta
- Mkataba wa kazi
- Shirika la Kazi Duniani
- UVIKO-19